Ufito wa Fundi Kasiani

Fundi Kasiani alizikwa kijijini kwake, Pito, siku ya Jumanne, na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unavuma mpaka padri akawa anashika kitabu kwa mikono miwili. Nilikwenda kwa sababu alikuwa seremala, na jiko langu ni kazi yake. Undugu hatukuwa nao. Nilipofika tu nikapewa mwiko, maana mjini hapa wanajua kazi yangu ni kupika: harusi, kipaimara, jubilei za masista, nyama na wali wa umati mzima mimi naupanga kichwani bila karatasi. Basi nikasonga ugali wa msiba nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wa jumuiya, macho yakinitoka machozi kwa moshi, na niliushukuru ule moshi kwa sababu mimi kwenye misiba silii, na watu huwa wanaangalia nani analia. Baada ya watu kula, mjane wake, Mama Sesilia, alinishika mkono akanipeleka kwenye banda la kazi. Randa zilikuwa zimepangwa ukutani kama alivyoziacha, na kwenye kona zilikuwepo fito zake za kupimia, zimesimamishwa pamoja, kila mmoja na jina la mtu. Mama Sesilia aliuchomoa mmoja ambao ulikuwa umeviringishwa gazeti kuukuu na kufungwa kwa mpira wa tairi. "Marehemu alisema kila ufito urudi kwa mwenye jiko lake," aliniambia. "Huu wa kwako aliufunga mwenyewe. Sijui kwa nini wako tu ndio aliufunga." Nikamshukuru, nikaubeba mpaka nyumbani, nikaulaza juu ya meza ya jikoni. Ulikaa pale siku nne. Nilikuwa na oda ya sambusa, nikawa nakata vitunguu pembeni yake.

Watu wakiingia kwenye jiko langu wanasema nina bahati. Wanapapasa milango ya mninga, wanafungua, wanafunga, wanasikiliza jinsi inavyofungwa bila kelele baada ya miaka yote hii, halafu wananiuliza ni nani alinijengea. Nawajibu, baba yangu. Ni kweli, pesa zilikuwa za baba. Lakini jiko halikujengwa kwa ajili yangu, au mimi ndivyo nilivyojua kwa sehemu kubwa ya mwaka ule, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na nne na barua ya kazi mkobani. Barua ilitoka shule moja ya Mbeya. Walikuwa wananitaka nianze kufundisha darasa la pili mwezi wa kwanza, wakati wa kufungua shule. Nilikuwa nimekwenda kuiona shule hiyo, nikaoneshwa chumba cha mwalimu, kidogo, kina dirisha linalotazama mstari wa migomba, kitanda cha chuma na ndoano mbili ukutani za kutundikia nguo. Nilichagua ndoano ya kwangu. Ndoano zote mbili zingekuwa za kwangu, maana chumba kilikuwa cha mtu mmoja, lakini mimi nilichagua moja nikaiona nguo yangu ya Jumapili pale.

Mama alianguka mwezi wa tatu, katika mvua, kwenye jiko la nje. Lilikuwa jiko kama la wenzetu wote, kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, mafiga matatu, paa jeusi, na hatua kumi na tano za tope kutoka mlango wa nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasonga ugali wa ulezi. Baba alisikia sufuria inaviringika, akadhani ni mbwa. Kiharusi kilichukua upande wote wa kushoto, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Mimi, niliyekuwa nimemaliza tu chuo cha ualimu, niliitwa nikaja kwa wiki mbili, nikabaki. Nilimkuta amelazwa hospitali, na aliporudi nyumbani hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, alikuwa anateleza upande. Siku moja alianguka kutoka kitini, kwa hiyo baba akachukua msumeno akakata miguu ya kiti chenye mikono, akaikata sana, ili mama akianguka tena asianguke kutoka mbali. Tangu siku hiyo mama alikuwa anatuangalia sote kutoka chini. Mtu mzima aliyekuwa akituamrisha nyumba nzima, sasa ukitaka kuongea naye unachuchumaa.

Ni baba aliyesema tuvunje ukuta wa stoo, tuunganishe na korido, tutengeneze jiko la ndani lenye makabati. Alisema hivyo mezani, tukila maharage na ugali, akimwangalia mama na si mimi. Alisema mama ataletwa na kiti chake asimamie mapishi yake ndani, asiwe mfungwa wa chumbani. Mama alikuwa anatafuna kwa upande mmoja na hilo lilikuwa linahitaji akili yake yote. Mimi nilifurahi. Nasema nilifurahi kwa sababu nakumbuka nilikula haraka. Niliipiga hesabu yangu: jiko likiisha kabla ya Krismasi, mama akawa na mahali pake, tukapata binti wa kumsaidia kubeba vizito, mimi mwezi wa kwanza napanda basi. Nikamwambia baba kazi ya kutafuta fundi aniachie mimi. Akasema sawa, akaongeza ugali.

Wa kwanza alikuwa mkandarasi wa mjini, ambaye alipenda kuitwa Injinia. Alikuja na gari, na mkoba wenye picha. Alikaa sebuleni akatufungulia picha za majiko, yote meupe, yote alminiamu na vioo, hakuna hata moja lenye mtu ndani yake. Alikuwa mtu mwenye adabu, simsemi vibaya. Alipima ukuta wa stoo kwa dakika tano, akaandika, akasema makabati yatakuja yameshatengenezwa, sisi tuchague rangi tu. Nilimuuliza meza itakuwa na urefu gani kutoka chini. Akasema urefu wa kawaida. Nikamuuliza, wa kawaida wa nani? Akacheka, akasema, "Dada, kawaida ni kawaida." Nikamwonesha mama aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango, nikamwambia ndiye mpishi. Injinia akamwangalia, akamsalimia shikamoo kwa mara ya pili, kisha akafunga mkoba wake taratibu. Alisema atatupigia. Mama aliposikia gari limeondoka alisema maneno yake ya kwanza siku hiyo. Alisema kwa Kifipa kwamba yule kijana majiko yake hayajawahi kuunguza kitu.

Kasiani nilimfuata mwenyewe Pito, kwa miguu, baada ya mama mmoja wa jumuiya kunionesha kabati la vyombo alilotengenezewa naye. Nilimkuta bandani anapiga randa mlango wa mtu. Wakati ule alikuwa na umri kama wa baba, mwembamba, penseli nyuma ya sikio, na koti la sufu ambalo sikuwahi kumwona amelivua hata kipindi cha joto. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba bila kuacha kazi. Nikamweleza: stoo ina upana huu, ukuta unavunjwa hapa, tunataka makabati ya chini na ya juu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapuliza maranda, akauliza swali moja. "Nani anapika?" Nikadhani hakunisikia, nikarudia vipimo. Akaniambia vipimo vya ukuta atachukua mwisho, ukuta haupiki. Akanieleza kwamba majiko haya ya mjini yanawatesa kina mama, wanasimama mbele ya meza ndefu, sufuria imewafika kifuani, wanasonga ugali kwa viwiko mpaka mabega yanakufa, na mwisho wake wanarudi kupikia uani na kabati linakuwa la kuwekea sahani za wageni. "Ugali unasongwa kwa bega," alisema. "Lazima mtu awe juu ya sufuria." Kwa hiyo yeye humsimamisha mpishi, humpa mwiko, humwambia asonge hewani, na hapo hapo anaweka alama kwenye ufito: kiwiko, kiganja, mkono ukinyooshwa juu. Ufito huo anauandika jina, na jiko zima linatoka humo. Ukishapimwa, jiko ni lako, hata mtu mwingine akija kulipikia atajua anapika kwa mtu. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba nimepata fundi.

Alikuja mwezi wa saba, siku ya baridi ambayo tulikuwa tumeweka jiko la mkaa sebuleni na mlango wazi kidogo. Alikunywa chai amesimama. Kisha akatoa ufito, mweupe, mpya, umepigwa msasa, akauliza tena nani anapika. Mimi nikasema, mama. Mama alikuwa chumbani amelala, au amefumba macho. Baba alikuwa amekaa karibu na mkaa, mikono imenyooshwa juu ya joto. Hakuinua uso. "Mama yenu asisumbuliwe," alisema. "Mpime huyu."

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na nimeirudia mara nyingi, sioni pa kuongeza wala pa kupunguza. Fundi aliniangalia. Nilichukua mwiko, nikasimama katikati ya stoo kati ya magunia ya mahindi, na nikakunja magoti. Nilikuwa namfanya mama. Mama alikuwa mfupi, nikisimama naye kichwa chake kinanifika kwapani, na mimi nikashuka mpaka pale nilipokisia bega lake, nikaanza kusonga hewani nikiwa nimechuchumaa nusu. Nilijua kabisa kwamba hata mama mwenyewe hasimami tena, lakini ndivyo nilivyofanya. Kasiani aliweka ufito pembeni yangu, akasubiri. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, simama vizuri. Nikate jiko la mtu gani hapa?" Baba alikuwa anasikia. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa hatua tatu kutoka pale. Ningeweza kusema, fundi, njoo nikuoneshe mpishi. Ni maneno machache. Nikanyoosha magoti, nikasimama wima, urefu wangu wote, nikasonga. Akaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Penseli ilikuwa inatoa sauti ndogo juu ya mti. Nilihisi baridi ya sakafu kwenye nyayo, na sikuhisi kingine.

Siku chache baadaye nilikuwa nachambua maharage kwenye korido. Ukuta kati ya korido na chumba chao ni wa tofali moja, na ukikaa kimya unasikia hata mtu akigeuka kitandani. Mama alikuwa anaongea. Tangu augue maneno yake yalikuwa yanatoka polepole, moja moja, kwa hiyo hakuna nililolikosa. Alimwambia baba, usimfunge mtoto. Baba akauliza nani amemfunga. Akasema amepimwa tu, tena kasimama mwenyewe, hakuna mtu aliyemshika mkono. Mama akasema, "Mwambie fundi apime kiti changu. Nina mkono mmoja mzima." Na baba akamjibu, bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba mtu kutoka kitandani hadi chooni na kumrudisha, "Kiti hakipiki, mama Otilia." Otilia ni mimi. Nilimaliza kuchambua maharage, nikayaosha mara mbili, nikayabandika. Nikaenda chumbani kumgeuza mama, nikamkuta macho makavu, akaniuliza kama chumvi ipo. Nikamwambia ipo.

Kama nilikuwa na hasira, sikuiona. Wenzangu wanaosimulia ujana wao wanasema walilia, waligombana na wazazi, walitoroka. Mimi nilipika. Nilikuwa naamka, nawasha moto uani, napika uji wa ulezi, namlisha mama, namwogesha, nafua, napika mchana, na ule mwezi wote wa nane sikumbuki hata siku moja kwa sura yake. Nakumbuka tu mama wa Kisukuma aliyekuwa akituletea maziwa, kwa sababu alikuwa akinisalimia kwa jina langu, na siku hizo wengine wote walikuwa wakiniita "wewe uliyerudi". Barua ya Mbeya niliihamisha kutoka mkobani nikaiweka chini ya karatasi ya kabati la nguo. Si kwamba niliificha. Mkoba nilikuwa nautumia sokoni, nikaogopa itachafuka.

Kuna Jumapili moja mwezi wa tisa. Nilikwenda misa ya kwanza nikaenda kusalimia wagonjwa na jumuiya, nikachelewa kurudi. Baba alikuwa kwenye kikao cha parokia. Nilimkuta mama sebuleni kwenye kiti chake, kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na mahali pake, na kwenye stuli vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa chote. Nilishangaa nani alimsaidia kutoka chumbani na nani alichemsha chai. Akasema jirani alipita. Sauti yake ilikuwa changamfu, nikafurahi kwamba jirani alipita, nikarudisha kiti karibu na mlango, nikaosha vikombe. Siku mbili tatu baada ya hapo Kasiani alipita kwetu akielekea mjini kufuata mninga uliokuwa umekwama njiani kutoka Mpanda. Hakuingia. Alisimama getini, mimi nilikuwa naanika nguo za mama. Akaniambia mbao zikifika anaanza kukata, na akishakata ameshakata. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, kipimo ni kile kile?" Niliona swali la kifundi, la mtu mwangalifu. Mikono yangu ilikuwa na maji, kidole kimekufa ganzi kwa baridi. Nikamjibu, "Kile kile, fundi." Aliendelea kusimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akasema haya, akaenda.

Makabati yaliletwa mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kwa trekta, yamefunikwa turubai kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza. Fundi alikaa kwetu siku nne akiyafunga. Nyumba ilinukia vanishi mpaka chakula kikawa kinanukia vanishi. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi kwa utulivu vile: anaweka pima maji, anainama, anatazama, anapachika kipande cha mbao chembamba kama kadi, anatazama tena. Pale pa kuwekea jiko la mkaa alipashusha shubiri moja chini ya meza nyingine, akaacha tundu la bomba la moshi, na siku ya nne akanipa mwiko akaniambia nisimame nisonge. Bega lilikaa mahali pake. Kiwiko kilikaa mahali pake. Nilinyoosha mkono juu bila kujiinua na vidole vikafika kwenye kishikio cha kabati la juu. Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa vile. Akasema, "Haya, mama mwenye jiko." Hakuniita mwalimu.

Baba alimleta mama. Alimvuta na kiti chake, miguu mifupi ikikwaruza sakafu mpya, akamweka mbele ya meza. Meza ilimfika machoni. Mama aliinua mkono wa kulia akauweka juu ya mbao, akawa anaupapasa ukingo kama mtu aliyefika dukani akamkosa muuzaji. Baba alianza kusifu bawaba. Mama alipapasa mpaka mwisho wa mahali mkono ulipofika, akaurudisha mapajani, akaufunika ule mkono mwingine. "Jiko zuri," alisema. "La mtu mrefu." Kasiani alikuwa anakusanya vyombo vyake, akaniangalia mara moja, akaendelea kukusanya. Nilitaka kwenda kulia uani, kwenye kibanda cha zamani, nikakumbuka kuwa maharage yako motoni. Nikayahamishia jiko jipya, na siku hiyo tulikula maharage ya kwanza ya ndani ya nyumba. Yalikuwa na chumvi kidogo sana. Hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa kwanza ulifika. Shule zilifunguliwa. Basi la Mbeya lilikuwa linapita asubuhi barabara ya juu, na honi yake inasikika mpaka kwetu, na asubuhi ile niliisikia nikiwa nimesimama kwenye meza yangu nakanda unga. Sikuandika barua ya kukataa. Hawakuandika kuniuliza. Mama aliishi miaka sita mingine, akiwa karibu na mlango wa jikoni kwenye kiti chake, akiniambia punguza moto, ongeza maji, huo ugali haujaiva. Alinifundisha kupika kila ninachojua kwa kunusa tu, maana vilivyokuwa mezani hakuviona. Baba alimfuata baada ya miaka miwili. Nimebaki na nyumba, jiko, na oda. Dada yangu, ambaye mwaka ule alikuwa ameshaolewa Dodoma, akija likizo hawezi kufikia kabati la juu, anapanda stuli, anacheka, anasema hili jiko linamjua mwenyewe. Na mimi kwa miaka yote hii nimekuwa na jibu moja kwa yeyote anayeniuliza kwa nini sikwenda kufundisha. Nasema nilibakizwa. Watu wanatikisa kichwa wanasema, wazazi wetu wa zamani, we acha tu.

Siku ya nne baada ya maziko ya Kasiani nilimaliza sambusa, nikafuta meza, na hapakuwa na kitu kingine cha kufuta isipokuwa chini ya ule ufito. Nikaukata mpira, nikafungua gazeti. Mti ulikuwa umekuwa wa rangi ya chai. Alama zangu zilikuwepo, kiwiko, kiganja, mkono juu, na mwandiko wake wa penseli: Otilia, kusimama. Nikausimamisha sakafuni kando ya meza, alama ikalala sawasawa na ukingo, kama nilivyojua italala. Kisha nikaona kuna alama nyingine. Ilikuwa chini sana, karibu na goti langu, mstari mmoja na vitundu viwili pembeni yake. Aliandika kwa herufi ndogo, akizibana zikae: Mama Otilia, kiti. Vyuma viwili vya kukamata sufuria. Mkono mmoja.

Vikombe viwili. Kiti katikati ya chumba. Mama alimtumia mtu amwite, akamchagulia siku ambayo mimi na baba hatupo, akamchemshia chai sijui vipi kwa mkono huo mmoja, akapimwa. Na fundi akauchukua ufito wenye majiko mawili, la kwangu na la mama, hakumfuata baba, alinifuata mimi kwenye kamba ya nguo. Na mimi nikamjibu, "Kile kile." Naweza kusema sikujua anauliza nini. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye ile korido na maharage yangu, nimesikia kila neno la mama kuhusu kiti, na mtu aliposimama mbele yangu akauliza kipimo, kiti hakikunijia kichwani hata kidogo. Niliogopa Mbeya. Niliogopa kile chumba chenye ndoano mbili na hakuna wa kumgeuza upande. Hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza, na baba yangu hayupo wa kumuomba radhi kwa ule uongo wa kubakizwa.

Kiti cha mama kiko stoo ndogo, sikukitoa kwa mtu, nani atakitaka kiti kilichokatwa miguu. Nilikileta jikoni, nikakiweka katikati, nikakaa. Kutoka pale huoni chochote kilicho juu ya meza, unaona milango tu, mninga mzuri, yote imefungwa. Nikausimamisha ufito sakafuni mbele yangu, nikaubana kwa magoti, alama ya chini ikanitazama. Mkono wa kushoto nikaulaza pajani. Wa kulia nikaushikisha mwiko, nikasonga hewani, juu kidogo ya ule mstari, kama alivyoniagiza fundi mwaka ule, nikauzungusha taratibu, nikaukandamiza, nikaugeuza, mpaka nikasikia kwenye bega kwamba ugali umeiva. Mkono mmoja ulitosha.